Mwiko wa Akoth

Kabla sijaenda mbali, jua kwamba Waruguru si mtu mbaya. Nalisema mapema kwa sababu ukifika Landless, ule mtaa wa Thika, ukataja jina lake, wa kwanza atakuuliza, "Yule aliyesimama tu?" na wa pili atatingisha kichwa pole pole. Watu wa Landless wana huruma, siwakatalii, lakini huruma yao ina mdomo.

Alizaliwa Gatanga, akakua akipasua makadamia kwa jiwe nyuma ya jiko la mama yake. Akaja Thika akiwa na miaka kumi na tisa, akachuma kahawa ya watu, akafua nguo za watu, akamzika mume, akamlea Wangeci, binti yake wa pekee. Mwishowe alipata kazi katika kiwanda kimoja cha makadamia. Jina la kiwanda halitusaidii kitu. Alikaa humo miaka kumi na sita, na katika miaka hiyo yote hakuna siku aliyoitwa ofisini kwa kosa. Sasa watu wanakumbuka sekunde tisa tu.

Kazi yake ilikuwa ya upande wa nyuma, kule maganda yanakopelekwa kuchomwa kwenye boila. Maganda hayo husukumwa na skrubu, yaani chuma kilichosokotwa kama kile cha mashine ya kusaga nyama, ila hiki ni kirefu kumzidi mtu, nacho huzunguka ndani ya mfereji mchana kutwa. Mfereji ulikuwa na wavu wa kuufunika. Wavu uliondolewa zamani kwa sababu maganda yalikuwa yakikwama kila baada ya saa moja na kila mara ilibidi ufunguliwe. Ukutani kulikuwa na karatasi iliyosema mashine izimwe kwanza ndipo mtu aguse. Haya, nani azime? Skrubu ikizimwa boila linapoa, boila likipoa vikaushio vinasimama, na Erastus, supavaiza wa shifti, anatoka ofisini amekunja uso. Basi akina mama wakajitafutia njia yao: mmoja anachokoa, mwenzake anasimama kando kulinda kitufe chekundu cha kuzimia. Walijaribu kuchokoa kwa fimbo ikavunjika. Walijaribu bomba la chuma, likapiga kelele mpaka Erastus akasikia. Ndipo Akoth akaja na mwiko.

Akoth alikuwa mwenzake wa kazi na jirani yake wa ploti, mlango kwa mlango, Mluo mzaliwa wa Ugenya. Mwiko huo alichongewa na babake siku alipoolewa. Ulikuwa wa mti mgumu, mrefu kama mkono wa mtu mzima, na haukuvunjika hata siku moja. Mchana ulikuwa wa kuchokolea maganda. Jioni Akoth aliuosha, akaurudisha nyumbani, akasongea ugali. Na juu ya ugali hakuwa na huruma. Alikuwa akimwambia Waruguru, "Nyinyi Wakikuyu mnapika uji, mnaungoja upoe, halafu mnauita ugali." Waruguru alicheka mpaka akashika ubavu. Kila asubuhi walisalimiana kwa vifundo vya mikono, vile watu husalimiana wakiwa kazini: glavu zina vumbi na mafuta, kwa hivyo unamnyoshea mwenzako kifundo naye anakishika hapo. Miaka sita walisalimiana hivyo.

Sasa ilitokea kwamba Wangeci alipata mchumba, na watu wa mchumba wakasema wanakuja Jumapili kutoka Bungoma kujuana. Waruguru aliingiwa na baridi. Mama wa kijana, Nafuna, ilisemekana humjua mtu kwa ugali wake. Jumamosi Waruguru akagonga mlango wa Akoth, akaazima mwiko, na Akoth akaja mwenyewe kumfundisha kusonga. Wageni wakala, wakashiba, Nafuna akaomba aongezewe. Jumatatu Waruguru akaenda kazini mikono mitupu. Mwiko ulibaki nyumbani kwenye beseni, na sufuria chafu za wageni juu yake.

Saa nne kasoro maganda yakakwama.

"Mwiko uko wapi?" Akoth akauliza.

"Aki nimesahau. Wageni waliondoka wakiwa wamechelewa, nikalala vile nilivyo."

"Wewe kuazima unajua. Kurudisha ndiyo kazi."

Maneno ya kawaida haya. Lakini Waruguru alikuwa amechoka, mgongo unamuuma, na maneno yalimchoma mahali ambapo alijua ana makosa. Akoth akauliza tena, "Sasa nichokoe na nini?"

"Si uko na mkono?" Waruguru akamjibu, akampa kisogo, akaenda kusimama kwenye kitufe.

Ulimi hauna mfupa, wahenga walisema, nao walijua. Akoth aliutia mkono. Aliondoa maganda mara moja, mara mbili, kwa hasira. Mara ya tatu skrubu ikashika ncha ya glavu.

Waruguru aligeuka akaona. Kiganja chake kilikuwa tayari kimeinuka, shubiri moja kutoka kwenye kitufe. Aliona kitufe, aliona wekundu wake na alama ya vidole vya mafuta juu yake. Alijua neno linalotakiwa. *Bonyeza.* Alilisema ndani ya kichwa chake kwa utulivu kabisa, na mkono ukabaki hewani. Pumzi ilisimama. Miguu ilishikwa na sakafu. Akoth naye hakupiga kelele. Hilo ndilo Waruguru hulikumbuka kuliko yote: Akoth alikuwa akimtazama tu, macho wazi, mdomo umefungwa, na kilichosikika ni maganda yakisagika. Dalmas, fundi wa boila, ndiye aliyetokea mbio, akamsukuma Waruguru, akapiga kitufe kwa ngumi. Hospitalini mkono ulikatwa juu kidogo ya kifundo.

Kamera ya ukutani iliona kila kitu. Erastus alihesabu: sekunde tisa. Aliwaonyesha wakubwa, kisha akaona ni somo zuri, na kuanzia hapo kila vibarua wapya walipoingia waliketishwa chumbani waonyeshwe. Waruguru aliwahi kupita dirishani akajiona kwenye skrini ya ukutani, amesimama ameinua mkono, na vijana ishirini wakimtazama. Mmoja alisema, "Huyu mathe alikuwa anataka immalize mwenzake." Kamera haina sauti. Haikushika yale maneno. Wangekuwa wameyasikia, sijui wangesema nini.

Aliacha kazi mwezi uliofuata. Akoth alipotoka hospitalini hakurudi Landless. Alienda kukaa na dada yake huko Mugutha, na vitu vyake vikachukuliwa na shemeji. Waruguru alikuwa amejaribu kumwona hospitalini mara moja. Alifika mlango wa wodi na ndizi kwenye mfuko, miguu ikasimama palepale, akageuka. Ndizi akampa mlinzi.

Miaka miwili ikapita hivyo. Mwiko alikuwa ameuosha, akaufunga kwa gazeti, akauning'iniza msumarini nyuma ya mlango. Hakuweza kuupikia, hakuweza kuutupa, na kuuchoma alijaribu siku moja akashindwa hata kuwasha kiberiti. Kinu cha posho cha jirani kikianza kunguruma, nywele za kisogo zilisimama na moyo ukakimbia kabla yeye mwenyewe hajajua amesikia nini. Mtoto akikanyaga ganda njiani likapasuka, Waruguru aliganda na kikapu mkononi mpaka watu wampite. Kanisani mchungaji aliposema mpe jirani yako mkono, alijifanya anatafuta kitabu cha nyimbo. Na kila akimenya viazi mbele ya jiko, kiganja chake cha kulia kilikuwa kikiinuka chenyewe, shubiri moja, kikakaa hapo.

Lakini si hayo yaliyomla. Kilichomla ni swali moja, nalo hakuthubutu kulisema mbele ya mtu: *je, nilitaka?* Alimwambia atumie mkono, akiwa na hasira, na nusu saa haikuisha mkono ukaenda. Mtu akishindwa kubonyeza kitufe kilicho mbele ya pua yake, si ina maana moyoni hakutaka kubonyeza? Alimwomba Mungu amjibu hilo tu, basi.

Wangeci ndiye aliyemburuta mpaka Ruiru, kwa mshauri mmoja aitwaye Mwau, mahali ambapo mtu wa Landless asingemwona akiingia. Mwau alikuwa Mkamba mfupi mwenye sauti ya chini, na alikuwa na tabia ya kungoja. Siku mbili za kwanza Waruguru aliongea juu ya usingizi na presha. Siku ya tatu akaeleza zile sekunde tisa. Maneno yake mwenyewe hakuyataja.

Mwau akamwuliza, "Makadamia unaijua, sivyo?"

"Unanitania?"

"Hapana. Nataka kipimo unachokijua. Ndani ya ubongo wako, ukiingia kutoka hapa kwa sikio, kuna kijisehemu kama kokwa ya makadamia. Upande huu kamoja, na huu kengine. Kazi yake ni hatari. Inaona hatari kabla wewe hujaiona." Akaweka kidole kisogoni pake, pale shingo inapoingia kichwani. "Na hapa ubongo unaposhikana na uti wa mgongo kuna shina. Shina ndilo linaendesha pumzi, moyo, na kutia miguu nguvu au kuinyima. Ile kokwa ina nyuzi zake zinazoshuka moja kwa moja mpaka kwa shina. Ikipiga kelele, shina linatii. Halingoji wewe ufikirie."

"Linatii kufanya nini?"

"Kukimbia. Kupigana. Ama kuganda. Umewahi kuona kifaranga kivuli cha mwewe kikipita?"

Waruguru alikuwa ameona. Kifaranga hulala chini, hakipumui, hata ukikigusa.

"Hakijaamua," Mwau akasema. "Hata wewe hukuamua."

Unaweza kudhani mzigo ulianguka hapo. La. Waruguru alitazama mikono yake, kisha swali likamtoka.

"Na hiyo kokwa, ilijua kwamba tulikosana asubuhi?"

Mwau alisema hakuelewa. Basi Waruguru akamwambia yote: mwiko, beseni, mgongo, na yale maneno. Si uko na mkono. Alipoyatamka machozi yalimwagika bila sauti, miaka miwili ya machozi.

Mwau angeweza kumpa jibu tamu. Namheshimu kwa sababu hakumpa. "Sijui," alisema. "Nyuzi zipo, hilo limechunguzwa. Lakini kilichokuwa ndani ya moyo wako asubuhi ile, hakuna mashine ya kukipima. Najua tu kwamba watu wanaowapenda wenzao wameganda, na mama ameganda mbele ya mtoto wake." Kisha akaongeza, "Iko sehemu ya jambo hili ambayo mimi siwezi kuijua. Ni mtu mmoja tu alikuwa anakuangalia usoni."

Jumatano iliyofuata, mchana, Waruguru aliutoa mwiko msumarini. Hakuufungua gazeti. Aliubeba kwenye kiondo mpaka Mugutha, kwenye zile nyumba mpya za mawe ambazo bado zina vyuma vilivyochomoza juu, akauliza njia mara tatu, akafika kwenye geti la buluu. Akoth mwenyewe ndiye aliyefungua.

Alikuwa amenenepa kidogo. Alimtazama Waruguru, halafu akafanya kitu ambacho mgeni hakukitarajia. Aliinua mkono wa kulia, ule uliokatwa, akamnyoshea kigutu vile alivyokuwa akimnyoshea kifundo kila asubuhi kiwandani. "Niaje, jirani," akasema.

Waruguru akaganda. Mkono wake uliinuka nusu ukasimama hewani. Kigutu kilikuwa laini, chenye mshono kama mdomo uliofumbwa. Akoth alingoja, akangoja, kisha akaushusha mkono wake polepole na kusema, "Ingia. Jua ni kali."

Walikaa jikoni kwa sababu dada alikuwa kazini na sebule ilikuwa na vitambaa vyake vizuri. Waruguru hakungoja chai. Aliogopa akingoja atakimbia. Aliweka kiondo sakafuni akasema, "Akoth, yale maneno niliyokuambia. Sijui kama nilitaka yatimie. Nimejiuliza mpaka nimechoka na sijui. Nimekuja uniambie wewe. Ulikuwa unaniangalia. Uliona nini?"

Akoth alitazama dirishani. "Yawa," alisema kwa sauti ndogo, vile Waluo husema jambo likiwazidi.

"Unakumbuka ile kamba?" Akoth akauliza.

"Kamba gani?"

"Kamba nyekundu. Ya ukutani, upande wa kushoto wa mfereji. Ukivuta, skrubu inazima."

Waruguru aliikumbuka. Hakuna aliyekuwa akiitumia, ilikuwa imejaa vumbi, wao walizoea kitufe.

"Nilikuwa nimeishika," Akoth akasema. "Na huu wa kushoto. Glavu iliposhikwa tu, nikaishika kamba. Nilikuwa nayo kwenye kiganja. Nikikuangalia hivyo, nilikuwa nayo. Kilichobaki ni kuvuta." Akaufungua mkono wake wa kushoto, akautazama. "Haukuvuta. Nilikuwa nauambia vuta, na umekaa tu. Hata sauti ya kupiga kelele sikuipata. Mkono wangu mwenyewe, Waruguru. Unaenda, na mimi naangalia tu mpaka umekwenda."

Kamera ilikuwa upande wa kulia. Mwili wa Akoth uliificha kamba, na hakuna aliyejua.

Kitu cha kwanza kilichompanda Waruguru hakikuwa huruma, nawaambia ukweli. Kilikuwa hasira, na ya moto. "Miaka miwili," akasema. "Miaka miwili wananiita mchawi. Wanaonyesha watoto wa watu picha yangu. Na wewe ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Ukaniacha."

"Nikakuacha. Ningesema nini? Kwamba niliuachilia mwenyewe? Nani anaachilia mkono wake?" Akoth alifuta uso kwa bega. "Ilikuwa rahisi kama kosa ni lako. Nikiamka asubuhi naangalia hapa, nasema, ni Waruguru. Nikisema si Waruguru, basi ni nani? Umesema umejiuliza kama ulitaka. Mimi nimejiuliza kama *mimi* nilitaka. Kuna siku naona kama nilikuwa nakuonyesha. Ulisema si uko na mkono, haya, angalia."

Nje mtu alikuwa akigonga misumari kwenye paa la jirani. Waruguru alifikiria kokwa za makadamia, mbili kwake na mbili kwa Akoth, zote nne zikipiga kelele kwa wakati mmoja, na wanawake wawili wamesimama wakitazamana kama vifaranga. Alitaka kumweleza habari za Mwau na nyuzi zake. Maneno hayakutoka, na labda hayakuhitajika, kwa sababu Akoth alikuwa anayajua kwa mwili wake. Hakuna aliyemjibu mwenzake kama alitaka. Hilo swali halikujibiwa siku ile, na mimi sidhani litajibiwa.

Alichofanya Waruguru ni kuinama, akautoa mwiko kwenye gazeti, akauweka mezani. Ulikuwa msafi, umefifia rangi kidogo. Akoth aliugusa kwa ncha za vidole, kuanzia kwenye kishikio mpaka chini.

"Sijasonga ugali tangu siku hiyo," akasema. "Sufuria inazunguka. Mkono mmoja unasonga, na wa kushika sufuria haupo. Dada yangu ananipikia. Anapika vibaya, kama nyinyi tu."

Akasimama, akainjika maji. Hakuuliza kama Waruguru ana njaa. Maji yalipochemka akamwaga unga, akautwaa mwiko kwa mkono wa kushoto, akasema bila kugeuka, "Njoo ushike."

Waruguru alifunga leso mikononi, akashika sufuria kwa pande zote mbili. Akoth akaanza kusonga. Mwiko ukazunguka, unga ukavutwa ukazama, ukazunguka tena, mbele kabisa ya macho yake, na Waruguru akasikia nywele za kisogo zikisimama. Moyo ukakimbia. Pumzi ikakatika. Miguu ikashikwa na sakafu, vidole vikakaza kwenye ukingo wa sufuria visiweze kufunguka hata angetaka. Alikuwa ameganda vilevile kama siku ile, na sufuria chini ya mikono yake haikusogea hata kidogo.

"Hivyo hivyo," Akoth akasema, akikaza bega. "Usiachilie."

Waruguru akahesabu kimoyomoyo mpaka tisa. Mwiko ulikuwa bado unazunguka. Akahesabu kumi, kisha kumi na moja.